Nyumba ya kupangisha Mtwara: nianze na mtaalamu gani?

Wakuu, nimeona nyumba Shangani, nataka kuinunua niipangishe. Dalali anadai inatosha yeye na mwenyekiti wa mtaa. Kweli?

JIBU: Haitoshi kabisa! Dalali hulipwa mauziano yakikamilika, hivyo hana haraka ya kukuonyesha kasoro. Anza na wakili: afanye upekuzi wa hati ofisi ya ardhi, aone kama kuna rehani (nyumba kuwekwa dhamana ya mkopo) au zuio (katazo la kuiuza), adai ridhaa ya mwenza wa muuzaji. Kisha mpima aliyesajiliwa ahakiki mawe ya mipaka.

JIBU: Karibu na bahari, mpima apime pia kama nyumba iko nje ya mita 60 za hifadhi ya ufukwe. Fundi achunguze nondo (vyuma vya ndani ya zege). Chumvi huzifanya zishike kutu, zege likapasuka.

JIBU: Mkuu, usilipe kishika uchumba (malipo ya awali ya kushikilia nyumba) kabla ya upekuzi.