Walezi wa kambo: tuwapate wapi, na tuwafundishe nini?

Mwana_Ustawi:
Wakuu, salaam. Nimekabidhiwa kazi ya kutafuta na kuandaa walezi wa kambo, yaani familia za kumpokea mtoto kwa muda wakati mambo ya kwao yanashughulikiwa. Tukitoa tangazo watu wanafurika. Tukishasema mtoto huenda akarudi kwa wazazi wake, ukumbi unabaki viti. Wanaosalia wanataka kichanga, ilhali wengi tulionao ni wa miaka kumi na kuendelea, tena wengine wako na wadogo zao. Nifanyeje?

Bibi_Malezi:
Mwanangu, waliotoka wamekupunguzia kazi. Walikuja kuasili, yaani kumchukua mtoto awe wao moja kwa moja, na huo ni mlango mwingine. Habari ya mtoto kurudi kwao iandike kwenye tangazo lenyewe. Na ile picha ya mtoto analia itoe. Huruma huisha siku mtoto atakapokutukana. Walezi wazuri huletwa na walezi wenzao, kwa hiyo mpe mzoefu mmoja jukwaa aseme yote, machungu yakiwemo. Kwa hao wakubwa, wafuate walimu na wauguzi, vituko vya balehe hawavishangai. Ila shangazi na wajomba wa watoto wenyewe mmeshawauliza?

Kitasa:
Mafunzo ya nini? Watu wamelea watoto wa ndugu zao tangu zamani bila cheti.

Bibi_Malezi:
@Kitasa, kulea wanajua, sikatai. Sasa huyu kila usiku anaficha mkate chini ya mto, na mezani chakula kipo. Asiyefundishwa ataita wizi, atachapa. Aliyefundishwa anajua mtoto huyo alishalala njaa. Anamwekea kikapu chumbani, anamwambia hiki chako, kikiisha tunajaza. Mafunzo yaanzie hapo, kwa kuigiza, sio kusomewa sheria asubuhi mpaka jioni.

NimelelewaHuko:
Wafundisheni pia wasimseme vibaya mama yangu mbele yangu. Nilikuwa najua makosa yake kuliko wao.

Baba_Wanne:
Kabla ya kupitisha familia, ongeeni na watoto wa nyumba hiyo, kila mmoja peke yake. Mkubwa wangu alikubali mbele yetu, kumbe hataki kugawana chumba. Na ndugu msiwatenganishe. Miongozo ya Umoja wa Mataifa ya 2009 imelisema hilo, labda iwepo sababu nzito.

Msomaji_Tu:
Bucharest, mji mkuu wa Romania, kuna utafiti ulioanza mwaka 2000 wa watoto 136 waliokuwa kwenye vituo vya kulelea watoto, na wakati huo huduma hii ya walezi wa kambo karibu haikuwepo. Walezi walitafutwa, wakalipwa, na maofisa wa ustawi wakawa wanawatembelea. Mkimwachia mlezi mtoto kisha mkapotea, mwakani mtaanza kutafuta upya.

Mwana_Ustawi:
Asanteni. Tangazo tunaliandika upya. Bibi, tunafikiria na namba ya simu ya dharura usiku. Apokee ofisa au mlezi mzoefu?

Bibi_Malezi:
Ofisa, maana mtoto akitoroka saa nane usiku unahitaji mwenye mamlaka. Mzoefu ampigie mlezi asubuhi.