Vyama vingi: tuliiga majirani au tulibanwa na wafadhili?

Mwanafunzi wa Dodoma
Shikamooni wakubwa. Chuoni tunafundishwa kwamba vyama vingi vilirudi Afrika miaka ya 1990 kwa sababu Ukuta wa Berlin ulianguka na wafadhili wakakaza misaada. Je, nchi jirani hazikuchangia chochote?

Mzee wa Tunduma
Marahaba. Wafadhili walibana, hilo halina ubishi: Novemba 1991 walisimamisha misaada mipya kwa Kenya, na Desemba kifungu cha 2A cha katiba yao, kilichoruhusu chama kimoja tu, kikafutwa. Ila sisi wa mpakani tuliona na jambo jingine. Oktoba 31, 1991 Wazambia walipiga kura, Kaunda akaangushwa na Chiluba baada ya miaka 27 madarakani. Akakubali, akaaga kwenye televisheni, akatoka Ikulu. Kaunda yule wa ukombozi, yule wa TAZARA! Madereva wa malori kutoka Lusaka walipotusimulia, tuliwauliza mara mbilimbili kama kweli hakuna risasi iliyolia.

Malawi wakati huo Banda alikuwa rais wa maisha. Machi 1992 maaskofu Wakatoliki wakasomesha waraka wa kumkosoa makanisani, na mwezi huohuo Wamalawi waliokuwa uhamishoni wakakutana. Wapi? Lusaka. Aprili, Chakufwa Chihana, kiongozi wa vyama vya wafanyakazi, akapanda ndege kutoka huko kurudi Lilongwe, akakamatwa palepale uwanjani. Juni 1993 ikapigwa kura ya maoni, Mei 1994 Banda akashindwa na Muluzi. Berlin ni mbali mno kumpa mtu ujasiri wa namna ile.

Wakili, Eldoret
Heshima zako, mzee. Hata mahakama huigana. Septemba 1, 2017 Mahakama ya Juu ya Kenya ilifuta uchaguzi wa rais. Februari 3, 2020 majaji wa Malawi wakafuta wa kwao, na hukumu yetu waliirejelea. Kwetu upinzani ulisusia marudio. Kwao Chakwera, mgombea wa upinzani, akashinda.

Mwanafunzi wa Dodoma
Asanteni. Na kung'ang'ania madaraka, hakusambai?

Mzee wa Tunduma
Kunasambaa sana, mwanangu. Uganda iliondoa ukomo wa mihula 2005, Rwanda ikabadili katiba yake 2015. Lakini kukataa nako kunasambaa. Mwaka 2001 Chiluba huyohuyo alitaka muhula wa tatu. Makanisa, wanasheria na vyama vya wanawake wakasimama pamoja, watu wakavaa utepe wa kijani, akaachana nao. Mwaka uliofuata Muluzi akajaribu kwake Malawi, mswada wa kuondoa ukomo ukakwama bungeni kwa upungufu wa kura tatu. Ningekuwa wewe, tasnifu ningeiandikia hapo.