Mjadala: Densi ya 1992 ndani ya KB 16, kijana aoneshe au asioneshe?

Mwalimu wa Mwanga
Wakuu, habari za jioni. Nina kikundi cha vijana hapa Mwanga, Kigoma. Tunakutana Jumamosi, kompyuta sita, mbili za kubembeleza. Kijana wangu mmoja wa kidato cha nne anaiandika upya State of the Art, ile densi ya kompyuta za Amiga ya kundi la Spaceballs la Norwe, iliyoshinda mashindano ya The Party kule Denmark Desemba 1992. Mlioiona mnaikumbuka: kivuli cha mwanamke kinacheza, rangi zinapita nyuma yake, muziki unadunda. Ile ilikaa kwenye flopi moja ya KB 880. Huyu anataka sekunde 30 zikae kwenye faili moja la KB 16, lifunguke hata kwenye simu. Tumempeleka kwenye maonesho ya kazi za vijana, kamati imemkataa: amenakili katuni ya Wazungu, alete mfumo unaosaidia jamii. Mimi naona ameonewa. Nyie mnasemaje?

Mama Dagaa
Mwalimu, kwa heshima yako, kamati imesema kweli. Mwanangu naye yuko kwako. Mimi alfajiri niko mwaloni Kibirizi nagombania dagaa, jioni nafika nyumbani mtoto ananiita, "Mama njoo uone," naona kivuli kinakata kiuno. Miezi mitatu! Wafundishe kitu cha kuandika mauzo yangu. Daftari langu lililowa juzi, madeni ya watu yote yakaenda na maji.

Fundi Ujiji
Dada yangu, la kiuno ongea na Mwalimu. Mimi limeniuma neno "amenakili". Kunakili ni kuchukua video ukaibandika. Picha moja ya kivuli, pikseli 256 kwa 256, nyeusi na nyeupe tu, ni baiti 8,192. Ukiweka mbili, KB 16 zimekwisha, na densi inataka picha 25 kwa sekunde! Kwa hiyo mtoto hahifadhi picha kabisa. Anahifadhi pembe za mwili: goti, kiwiko, kisigino, bega. Pembe 40, kila moja namba mbili za kuonesha mahali ilipo, kila namba baiti moja, jumla baiti 80. Katika kila picha nne anaweka moja, tatu zilizobaki kompyuta inazijaza yenyewe. Hapo ni baiti 500 kwa sekunde, sekunde 30 ni 15,000. Zinabaki 1,384 za programu yote pamoja na ngoma. Nimemwona kwa macho yangu akishindana na kiwiko kimoja nusu saa nzima: akikitoa mkono unavunjika, akikiacha ngoma inakosa nafasi. Huyo ndiye mnakili?

Njia Panda
Hesabu zako nzuri mkuu, ila hizo KB 16 si za kweli. Faili linafunguliwa na kivinjari. Kivinjari kina MB ngapi? Kuchora, rangi, sauti, vyote anaazima humo. Wale wa 1992 waliongea na mashine uso kwa uso. Ajumlishe na kivinjari ndipo tumpigie makofi. Halafu mnisamehe, huu ndio ugonjwa wa mwisho wa reli: kitu cha 1992 kinawafikia leo, mnakipokea kwa vigelegele.

Mzee wa Bangwe
Wewe wa Tabora, chunga ulimi. Mwisho wa reli ni mwisho kwa anayetoka Dar. Kwa anayetoka Kongo au Burundi, reli inaanzia hapa. Imefika hapa 1914, na tangu hapo mizigo inapita mlangoni kwenu mnaihesabu tu.

Njia Panda
Shikamoo mzee. Inapita kwetu kwa sababu sisi ndio njia panda, Mwanza huku, Kigoma kule. Reli ilifika Tabora 1912, miaka miwili kabla yenu.

Mzee wa Bangwe
Marahaba. Hiyo 1912 hamkuwa njia panda ya chochote, mlikuwa kituo kama vituo vingine. Reli ya Mwanza imekamilika 1928. Na nikwambie mwisho wa reli ulifanya nini. Meli ya Liemba iliundwa Papenburg, Ujerumani, 1913, ikafunguliwa vipande, ikafungwa kwenye masanduku yapata 5,000, ikaja kwa bahari hadi Dar na kwa treni hadi hapa. Ikaungwa hapa hapa, ikashuka ziwani 1915. Huyo mtoto anafanya kazi ile ile: anakunja densi isafiri, inakunjuka mbele yako. Kama kukunja si kazi, basi na Liemba haikuwa kazi.

Bi Katubuka
Mzee samahani, si ilianza 1927? Babu yangu alisema hivyo siku zote.

Mzee wa Bangwe
Mjukuu wangu, 1927 ni iliporudi kazini. Wajerumani waliizamisha wenyewe 1916, Waingereza wakaiibua 1924. Babu yako aliikuta imeshakuwa Liemba. Mwanzo iliitwa Graf von Götzen.

Njia Panda
Mzee, mfano wako unanibeba mimi. Masanduku peke yake si meli. Yalihitaji mafundi, moto na mahali pa kuunga. Hicho kiwanda cha kuunga ndicho kivinjari! Ukihesabu masanduku ukaacha kiwanda, umedanganya.

Fundi Ujiji
Hakuna anayehesabu kiwanda, ndugu yangu, hata huko Ulaya. Elevated ya 2009, kazi ya makundi mawili, RGBA na TBC, milima na theluji ndani ya baiti 4,096, imeegemea Windows na DirectX, programu ya Windows ya kuchora picha. Mchezo wa .kkrieger wa 2004, KB 96, vivyo hivyo. Na hao unaosema waliongea na mashine uso kwa uso, Amiga ilikuwa na kifaa ndani, blita, kinachochora mstari na kujaza umbo chenyewe. Nao waliazima. Haki ni washindani wote kuazima kwenye duka moja.

Mama Dagaa
Nimeuliza daftari, mnanijibu meli.

Mwalimu wa Mwanga
Mama, uko sahihi, tumekupita. Lakini usiidharau hiyo densi. Ufini mwaka 2020 waliuweka utamaduni huu wa demo, yaani programu za picha na muziki kama hiyo densi, kwenye orodha ya taifa ya urithi hai, na sisi kamati inauita katuni.

Mama Dagaa
Ufini hawanidai mimi. Kitu kikikaa KB 16, kitafunguka kwenye simu yangu bila bando? Nijibu hilo tu.

Fundi Ujiji
Kitafunguka, dada. Ukishatumiwa faili mara moja kwa bluetooth, basi. Daftari la madeni halifiki hata nusu ya kazi ya kile kivuli.

Mama Dagaa
Basi litangulie daftari, kiuno kifuate.

Njia Panda
Mzee, bado hujanijibu la kiwanda.

Mzee wa Bangwe
Nimekujibu. Njoo Kigoma nikuoneshe, nauli yako mwenyewe.

Kivuli
Shikamooni wote. Ni mimi mwenye densi. Fundi, nimetoa vidole vyote. Kwenye kivuli hakuna anayeviona. Ngoma imeingia. Faili ni baiti 16,391. KB 16 ni 16,384. Nimezidi saba, na nimekesha nazo tangu jana. Nikitoa pembe moja tu, goti linarudi nyuma kama la mbuni.

Njia Panda
Kijana, bado nasema kivinjari kihesabiwe. Ila mwisho kabisa wa faili umeandika </html>?

Kivuli
Ndiyo, kaka.

Njia Panda
Ifute. Kivinjari hakiihitaji. Hesabu herufi zake.