Yaya wa kuja na kurudi, kituo cha malezi, au nimlete mamangu?

Mzazi_Mpya:
Hamjambo nyote. Likizo yangu ya uzazi yaisha wiki tatu zijazo na ofisi imenikubalia nifanyie kazi nyumbani. Nina njia tatu: yaya wa kuja asubuhi na kurudi kwao jioni, kituo cha malezi kilichoko mtaa wa pili, au nimlete mamangu kutoka Lamu akae nasi. Mume wangu ataka yaya. Mimi sijui nishike lipi. Ofisini wanataka jibu kabla ya Ijumaa. Waliopitia haya nawaomba ushauri.

BintiTudor:
Hongera ya uzazi, Mungu akukuzie. Lakini mbona umetuacha gizani? Mtoto ana umri gani? Ananyonya tu au amezoea chupa? Kazi yenyewe ni ya kuandika au ya simu? Nyumba ina vyumba vingapi? Bila hayo tutakuwa tunapiga ramli.

Kombo_Mikindani:
Yaya, tena mtu mzima aliyewahi kulea. Mke wangu alirudi kazini kwa njia hiyo na mtoto wetu sasa yuko chekechea. Ila mlipe haki yake. Kima cha chini cha mshahara kilichotangazwa 2024 kinamtaja yaya, na kwa Mombasa kimepita shilingi 16,000 kwa mwezi bila posho ya nyumba. Halafu kuna NSSF ya pensheni na SHA ya bima ya afya. Watu wanatoa 7,000 kisha wanashangaa yaya amehama bila kuaga.

Njia_ya_Kizingo:
16,000 kwa mtu anayeondoka saa kumi na moja? Wengi hapa mishahara yetu yenyewe haiko mbali na hiyo.

Kombo_Mikindani:
Basi usiajiri. Sheria haikusema "ukiweza". Huyo naye ana watoto na anapanda matatu mbili kufika kwako.

Mama_Wawili:
Dada, soma haya yangu kabla hujaamua.

Mwanangu wa kwanza alikuwa na miezi minne nilipoanza kufanya hesabu za maduka nikiwa nyumbani. Nilipata yaya, nikawa najifungia chumbani, wao sebuleni. Wiki ya kwanza mtoto akisikia sauti yangu kwenye simu analia mpaka sauti inakauka. Yaya anagonga, natoka, nanyonyesha, nikirudi sijui hesabu niliiachia wapi. Wiki ya tatu mtoto akatulia ghafla. Analala tangu saa tatu mpaka saa saba mchana. Nikafurahi, Mungu anisamehe. Nikawaambia hata wenzangu kazini kwamba mambo yamekaa sawa.

Siku moja maji yalikuja mfereji ukajaa, nikasema nioshe vyombo mwenyewe. Nikashika chupa ya mtoto. Tundu la chuchu lilikuwa limepanuliwa, ukingoni limeyeyuka kama lililochomwa na sindano ya moto, na ndani ya kifuniko umeganda uji wa mahindi. Nilikuwa nikikamua maziwa yangu kila alfajiri nikiamini hayo ndiyo anayopewa. Nilimuuliza yule msichana, hakuficha. Akaniambia, "Dada, maziwa yako hayamshibishi. Nilimwongeza uji kidogo ili nawe upate kufanya kazi." Hakuwa mtu mbaya, ndivyo alivyowalea wadogo zake. Lakini mwanangu alikaa siku nne choo hakitoki, tumbo gumu kama ngoma, tukashinda kliniki. Na muda wote huo nilikuwa hatua kumi kutoka kwake, nyuma ya mlango wangu mwenyewe.

Kwa hiyo ukichukua yaya, usidhani kwa kuwa uko ndani ya nyumba basi unaona. Toka kila baada ya saa mbili, mnyonyeshe mwenyewe, na chupa ioshe wewe.

BintiTudor:
Pole sana, Mama_Wawili. Nimesoma mara mbili.

Mzazi_Mpya:
Pole mpenzi, umenitia uchungu. Samahani sikueleza vizuri. Mtoto ana wiki tisa, nikirudi kazini atakuwa anakaribia miezi mitatu. Ananyonya tu, chupa nimemjaribu mara mbili akageuza uso. Nafanya kazi ofisi ya kliaringi, ya kutoa mizigo bandarini, naingiza entry kwenye mfumo wa KRA, mamlaka ya ushuru, saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja. Siku nyingine ni tulivu, lakini meli ikifunga gati simu haipumziki, kila mteja ataka kontena lake litoke kabla siku za kukaa bandarini bure hazijaisha. Tuko Bombolulu hapa Mombasa, chumba kimoja na sebule.

Mavyaa_wa_Kibokoni:
Mwanangu, mlete mamako. Mtoto wa miezi mitatu si wa kupelekwa nje ya nyumba. Na joto hili akipewa maji kijiko kimoja kimoja hatasumbua. Sisi tuliwalea hivyo wote sita.

Muuguzi_Pwani:
Shikamoo mama. Kuhusu bibi yake kuja, niko pamoja nawe. Kuhusu maji, hapana, hata joto la Februari. Maziwa ya mama zaidi ya asilimia 80 ni maji, na ushauri wa Shirika la Afya Duniani ni anyonye tu hadi miezi sita. Joto likizidi, anyonye mara nyingi zaidi. Maji yetu haya ya visima na mikokoteni, wengine mpaka leo wanayaonja chumvi, usimpe mtoto mchanga.

Mavyaa_wa_Kibokoni:
Marahaba. Sisi maji tulikuwa tunachemsha.

Muuguzi_Pwani:
Najua mama, na hamkuwa mnafanya ubaya. Lakini tumbo lake ni dogo, yakijaa maji maziwa hayaingii.

Mzazi_Mpya, ukikamua: kwa joto la nyuzi 25 maziwa hukaa saa nne, na nyumba zetu ni moto kuliko hapo, kwa hiyo weka friji mara moja. Ndani ya friji hukaa siku nne, yaweke nyuma, si mlangoni. Stima ikipotea usifungue friji ovyo. Chupa mwache baba yake ajaribu, wewe ukiwa nje kabisa. Akinusa maziwa yako karibu hatashika chupa.

Njia_ya_Kizingo:
Stima ndiyo swali hasa. Intaneti yako itakuwaje? Mimi nimeweka betri ndogo ya ruta pekee, tarakilishi ina chaji yake. Kabla sijanunua nilikuwa nakimbia na simu mpaka kibarazani kutafuta mtandao.

Kombo_Mikindani:
Betri gani hiyo, inakaa saa ngapi?

Njia_ya_Kizingo:
Ruta peke yake, kama saa tatu.

BintiTudor:
Jamani turudi kwa mtoto. Kituo hatujakigusa. Mimi nilimpeleka wangu akiwa na miezi saba, si mitatu. Nenda saa sita mchana bila taarifa, hesabu watoto na walezi, tazama wanapolala. Kama mlezi mmoja ana watoto wanane, ondoka. Na uzuri wa mtaa wa pili ni kwamba unaenda kunyonyesha na kurudi. Sheria ya Afya ya 2017 inakupa muda wa kunyonyesha, hadi saa moja katika saa nane za kazi. Mwambie bosi.

Halafu, likizo yako ya mwaka umechukua? Sheria ya Ajira ya 2007 inasema likizo ya uzazi haili ile ya mwaka.

Mzazi_Mpya:
Kweli? Mimi ofisini niliambiwa zote zimeisha! Nina siku 21 sijazigusa. Hapo mtoto atakuwa karibu miezi minne. Nitawaandikia barua leo usiku akilala.

Mamangu nimempigia. Anasema atakuja, lakini ana harusi ya binti wa dadake na hawezi kutoka Lamu kabla haijaisha, na hakai zaidi ya miezi miwili, baba yuko peke yake. Kwa hiyo baada ya hapo niko palepale.

Mavyaa_wa_Kibokoni:
Miezi miwili ya mama si kidogo.

Mama_Wawili:
Akiwepo mama, akifika mwezi wa pili wa kukaa kwenu mlete na yaya, afunzwe akionekana.

Kombo_Mikindani:
Na chumba kimoja utaweka wapi meza ya kazi?

Mzazi_Mpya:
Ndilo nililokuwa nawaza. Sebule twaweza kuikata kwa mbao nyepesi, lakini upepo wa dirishani utafungwa na mtoto ndipo anapolala mchana. Kuna mtu anayejua fundi mzuri upande wa Kongowea?

Njia_ya_Kizingo:
Yuko mmoja alinitengenezea mlango. Nakutumia nambari yake faraghani.