Naomba ushauri: nimefika mji mgeni, usingizi umenigomea

Wakuu, habari zenu. Nimetua majuzi baada ya safari ndefu ya ndege kuelekea mashariki, tofauti ya saa saba. Saa tisa usiku niko macho makavu, nahesabu mabapa ya dari. Ikifika saa nane mchana nasinzia kwenye benchi la bustani, simu ikiniponyoka mkononi na ramani bado iko wazi.

Najua mwili huzoea polepole, takriban saa moja kwa siku, na kwenda mashariki ndiko kunakosumbua zaidi. Jua la asubuhi naliota. Kahawa mchana nimeacha.

Mliopitia haya, mchana nijikaze nitembee tu, au nilale dakika 20? Makumbusho nimeyaahirisha kwanza, maana ule ukimya wa mle ndani utanimaliza.