Kadi ya kliniki haiambukizi kifafa!

Bintimlima (mtoa mada)

Wanajukwaa, shikamooni wakubwa, na wadogo nawasalimu. Ninaandika nikiwa bado kwenye benchi la nje ya kituo, kwa sababu nikisubiri hadi nifike nyumbani nitapasuka. Yule bwana wa dirisha la dawa mnamjua, sina haja ya kumtaja. Kila mwenye mgonjwa wa kifafa katika wilaya hii amewahi kusimama mbele yake. Leo nilimpa kadi ya mdogo wangu. Alipoona ugonjwa ulioandikwa juu yake, aliurudisha mkono, akachana ukurasa wa gazeti, akaukunja, kisha akaipokea kadi kwa ncha za vidole viwili kupitia gazeti hilo. Lau angekuwa na koleo la mhunzi karibu, ninaapa angelitumia.

Alifanya hivyo mbele ya foleni nzima. Mama mmoja aliyekuwa ameketi karibu na mdogo wangu alimvuta mwanawe na kumpakata upande wa pili. Hakuna aliyemwambia asogee. Gazeti lilikuwa limeshamwambia.

Kifafa hakiambukizi kwa kugusana, kwa mate, kwa povu wala kwa kadi. Mdogo wangu ana kovu la moto kuanzia kiwikoni hadi kiganjani, kwa sababu siku alipoangukia mafiga, watu wazima walisimama wakilitazama povu na hakuna aliyethubutu kumvuta. Wale sikuwalaumu sana, kwani walikuwa wanaamini walichorithishwa. Lakini huyu amesomeshwa kwa kodi zetu na amevaa koti jeupe, halafu anashika kadi kwa gazeti! Shirika la Afya Duniani linasema watu wapatao milioni 50 wanaishi na kifafa, karibu asilimia 80 yao wakiwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati, na kwamba hadi asilimia 70 wangeweza kuishi bila kuanguka kama wangepimwa na kutibiwa ipasavyo. Watatibiwaje, ikiwa anayegawa dawa anawakimbia? Kwa gazeti, jamani. Kwa gazeti!

Mzee wa Kivukoni

Pole sana, binti yangu. Huyo bwana ndiye aliyemwambia jirani yangu ampeleke mwanawe kwa mganga kwanza, na akishindikana ndipo arudi dirishani. Mtoto alikaa kilingeni miezi mingi akifukizwa ubani, huku akianguka karibu kila siku.

Fundi Saa

Mtoa mada, umeandika gazeti, gazeti, gazeti, na hadi sasa hujatuambia kama mgonjwa alipata dawa. Mimi hata angenipokea kwa jembe ningevumilia, mradi anipe vidonge. Hasira yako umeielekeza kwenye karatasi na umeiacha rafu tupu nyuma yake.

Bintimlima

Ndugu Fundi, dawa hakupata. Aliambiwa fenobabito imekwisha, na aliambiwa hivyo baada ya kadi kurudishwa ikiwa bado ndani ya lile gazeti.

Fundi Saa

Basi hilo ndilo ungelianza nalo, dada. Fenobabito imejulikana kutibu kifafa tangu 1912, na ni miongoni mwa dawa za bei nafuu kabisa. Kwa kuwa imo katika dawa zinazodhibitiwa kimataifa chini ya mkataba wa 1971, kuiagiza na kuitunza kuna masharti mengi, na dawa ya bei ndogo haina mfanyabiashara wa kuipigania. Mgonjwa akiikatiza ghafla anaweza kuanguka mfululizo bila kuzinduka katikati, na hali hiyo huua. Mke wangu alibadilishiwa dawa kwa sababu ya upungufu huohuo, akapewa valproeti akiwa mjamzito, wala hakuna aliyemweleza kuwa inaweza kumdhuru mtoto tumboni. Hilo la gazeti ni dogo.

Mkulima wa Bondeni

Mimi ninakasirishwa na watafiti. Ninajua kazi yao ina maana. Mahenge, mwanzoni mwa miaka ya 1960, daktari mzaliwa wa Norway, Louise Jilek-Aall, alianzisha kliniki ya kifafa, akaeleza pia habari za watoto wanaotikisa vichwa kama wanaosinzia. Leo tunajua kuwa kifafa ni kingi zaidi kwenye vijiji vilivyo kando ya mito iendayo kasi, wanakozaliana nzi wanaoeneza vimelea vya minyoo ya usubi, ingawa jinsi vimelea hao wanavyouathiri ubongo bado haijathibitishwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013, uliofanyika Kilifi, Ifakara, Iganga na Mayuge nchini Uganda, Kintampo nchini Ghana na Agincourt nchini Afrika Kusini, ulihusisha kifafa na matatizo ya wakati wa kuzaliwa, majeraha ya kichwa na vimelea. Ninayakubali yote hayo. Lakini kundi lililokuja kijijini kwetu lilitutoa damu, likatupa sabuni, likaondoka na gari lake jeupe. Majibu hatujaletewa hadi leo. Kama mtoto wangu ana minyoo ya usubi, nani aliye na haki ya kujua kabla yangu?

Mwalimu wa Zamu

Mkulima umenena. Nami naongeza shule. Nilimpigania mwanafunzi asifukuzwe kwa kuanguka darasani, na mkuu wangu alinijibu kuwa wazazi wengine watahamisha watoto wao. Mtoto akianguka, mlaze kwa ubavu, ondoa vitu vigumu karibu naye, usimtie kijiko mdomoni, tazama saa, na akizidi dakika tano mkimbize hospitali. Mafunzo hayo yanamalizika kabla ya kengele ya chai, lakini chuoni hatukufundishwa.

Mzee wa Kivukoni

Mwalimu, hao wa kwenu wana nafuu, kwani wamefika darasani. Mjukuu wangu amefikisha umri wa darasa la nne na hajaandikishwa popote. Mkulima, gari hilo jeupe lilikuwa na maandishi gani ubavuni? Huku kwetu nako lilipita.

Mkulima wa Bondeni

Lilikuwa na nembo ya rangi ya kijani, mzee. Niandikie ujumbe wa faragha tulinganishe, kwa sababu karatasi ya ridhaa niliyotia dole gumba bado ninayo.