Matema, Mtera au Ngwazi: kuvua kwa mshipi ukingoni, wikiendi ya Sabasaba twende wapi?

Chubwi
Wakuu habari za mchana. Tuko kikundi cha marafiki, kila baada ya miezi miwili tunatoka kwenda kuvua kwa mshipi. Si biashara, ni kupumzisha kichwa tu. Mtumbwi hatupandi, tunasimama ukingoni kila mtu na fimbo yake. Safari hii Sabasaba imekaa vizuri na wikiendi, tunataka kulala siku mbili. Majina yamebaki matatu: Matema kule Ziwa Nyasa, bwawa la Mtera, na bwawa la Ngwazi kule Mufindi. Kikundi kimegawanyika, hakuna anayemsikiliza mwenzake. Mliofika karibuni naombeni ulinganisho, pesa ya mafuta naanza kukusanya Ijumaa.

Kamwene_IR
Kamwene mkuu. Umeuliza swali halafu umeficha kila kitu. Mnatokea wapi? Mko wangapi? Usafiri gani? Mnataka samaki wa kula au mnataka picha? Mtu wa Iringa mjini akiuliza hivi jibu ni Mtera kabla hajamaliza sentensi. Mtu wa Tukuyu tunamwambia ashuke Matema akalale.

Mwana wa Ipinda
Matema. Funga uzi.

Ndoana Butu
Mwana wa Ipinda punguza jazba, dada. Anasema Sabasaba. Julai kusi, upepo wa kutoka kusini, inavuma huko kwenu. Ziwa lile limelala kaskazini kwenda kusini, zaidi ya kilomita 500, na Matema ipo kwenye ncha kabisa huku juu. Wimbi linalozaliwa huko chini halina pa kwenda ila miguuni kwenu. Nilisimama pale mwezi wa saba, natupa chubwi, yaani uzito wa kuzamisha mshipi, kubwa kuliko zote nilizonazo, narudishiwa mchangani kama vile ziwa linasema ahsante sitaki.

Mwana wa Ipinda
Kaka Ndoana Butu ulikwenda siku mbaya ukaandika sheria. Kusi haivumi kila siku. Inakuja siku tatu nne mfululizo, inakata, ziwa linatulia kama mafuta kwenye sufuria. Halafu asubuhi, kabla jua halijapanda kwenye milima ya Livingstone, hata siku ya upepo unapata masaa mawili mazuri. Tatizo la watu wa bara mnaamka saa tatu, mnakunywa supu, saa tano mnafika ufukweni mnalalamika mawimbi.

Chubwi
Samahani wakuu, kweli sikueleza. Tunatokea Makambako. Watu saba, Noah moja. Tunataka samaki, picha zitakuja zenyewe.

Kamwene_IR
Watu saba na fimbo na masufuria kwenye Noah moja, kushuka Tukuyu halafu mrudi mnapanda? Hiyo gari mmeiuliza?

Kwa Makambako sasa ndiyo naelewa ugomvi wenu. Mko katikati kabisa. Kwenda Mtera mnapita Mafinga, Iringa, halafu kama kilomita 120 za barabara ya Dodoma. Kwenda Matema mnapita Uyole, Tukuyu, Kikusya, mnakata kushoto kwenda Ipinda. Mafuta karibu yaleyale. Ila Mtera samaki yupo, hilo halina mjadala. Perege na kambale. Nyambo, yaani mnyoo wa chambo, kwenye ndoana ndogo, boya, unasubiri. Mvua zimeisha, maji yameanza kurudi nyuma, samaki wanakula kwenye kina kifupi jioni. Joto la kule nalo si baya ukitoka kwenye baridi ya Makambako ya Julai.

Fundi Saa
Mtera nimekwenda mara moja, sirudi, na sababu nitaieleza yote ili mtu asije kusema hakuambiwa.

Ilikuwa mwaka juzi, Agosti, tulikuwa wanne. Mwenyeji mmoja alituahidi kila kitu kwa simu: pa kulala, nyambo, mtu wa kutuonyesha sehemu. Tukatuma nusu ya pesa. Tumefika saa mbili usiku, simu yake haipatikani. Tukalala garini, vioo vimefungwa kwa ajili ya mbu, asubuhi kila mtu shingo imekaa upande. Samaki walikuwepo, sikatai. Hadi saa tatu asubuhi nilikuwa na perege kumi na mmoja, nimewatunga kwenye kamba ya nailoni kupitia shavuni, kamba nimeifunga kwenye kisiki kilichosimama majini, hatua mbili kutoka nilipokaa. Nimekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Mwenzangu pembeni anapasua samaki palepale, matumbo anatupa majini. Hatukuwaza kitu.

Kwanza nikaona kamba imekazika, nikajua perege wanajitupatupa. Halafu kisiki kikatikisika kama jino bovu. Halafu kikang'oka. Hakuna mshindo, hakuna maji kuruka kama kwenye sinema. Kisiki kikaondoka taratibu kuelekea katikati ya bwawa, wala hakina haraka. Kilipofika kama mita ishirini ndipo nikaona pua na macho mawili mbele yake.

Mimi nilikuwa nimekaa hapo tangu saa kumi na mbili. Nilikuwa nimeshanawa mikono hapo mara nne. Mzee mmoja mvuvi wa palepale alisimama akatutazama, akasema, "Kwenye maji haya mtu hakai chini, vijana." Basi. Hakucheka wala hakutupa pole. Ndoo niliiacha, na hadi leo sijaidai.

Kamwene_IR
Pole mkuu, ila hapo mamba hana kosa. Mmemwandalia meza, mmemnyunyizia na mchuzi. Mtera unakaa mita kadhaa kutoka majini, unatumia fimbo ndefu, samaki unaweka kwenye ndoo huku nyuma, na matumbo unapeleka mbali. Na saa za jioni unaangalia viboko kabla ya kushuka. Wenyeji wanaishi na mamba miaka yote.

Fundi Saa
Wenyeji wengine. Wengine hawapo tena kutusimulia.

Sista Tabibu
Kwa kuwa mmefika kwenye usalama, mtu ataje kichocho. Kila mtu anaogopa mamba, anayekuja kwetu zahanati ni kichocho. Nyasa kipo, na popote penye maji yaliyotulia, majani na konokono muwe na wasiwasi. Matema mchanga mweupe wenye mawimbi una nafuu kuliko kusimama magoti majini kwenye matete karibu na mdomo wa mto. Vaeni mabuti marefu ya mpira au msimame pakavu. Na kupima msije kesho yake mkaambiwa mko salama mkafurahi. Njooni baada ya wiki sita hadi nane. Dawa ipo na inatibu.

Ndoana Butu
Mdomo wa mto Lufilyo ndiyo hapohapo pa kusimama kama unataka mbasa, Sista. Umetuvunja moyo.

Mwana wa Ipinda
Na ndipo mamba wa kwetu wanapokaa pia, kwa hiyo Sista kawaokoa mara mbili. Mbasa anaingia mitoni kutaga, watu wakimziba mdomoni mwa mto kila mwaka mwisho wake tunauona wenyewe sokoni: zamani mama yangu alikuwa anachagua, siku hizi anauliza kama yupo. Mkija njooni upande wa mchangani, au muende kwenye mawe kuelekea Ikombe. Pale kuna visamaki vya rangi vya kwenye mawe, watoto wanavipenda, na ukitupa mbali zaidi unaweza kupata kitu cha kuonyesha. Kwa mbasa peke yake msije, mtarudi mmenuna.

Mpemba wa Mbalizi
Mbasa wa kuchoma na ndizi za Tukuyu. Perege wa Mtera ana tope mdomoni. Nimesema.

Kamwene_IR
Perege wa Mtera ana tope kwa mtu asiyejua kuosha samaki. Limau na chumvi, dakika kumi. Mmezoea usipa nyie, dagaa wa Nyasa, samaki mwenye nyama anawachanganya.

Mpemba wa Mbalizi
Usipa umeuingizaje hapa? Usipa na ugali wa moto usiku wa baridi Mbeya, niambie unataka nini tena duniani.

Bustani ya Chai
Naona Ngwazi mmeiruka kama haipo. Kutoka Makambako ndiyo karibu kuliko zote, mnafika Mafinga mnaingia ndani kwenye mashamba ya chai. Mandhari hakuna mfano, kimya, hakuna mbu wa maana. Uaminifu lakini: Julai Mufindi ni baridi ya kung'ata. Asubuhi majani yana ukungu mweupe, vidole havishiki ndoana. Na perege akiwa kwenye maji ya baridi hana hamu ya kula, anakaa chini kama mgonjwa. Kwa kuvua, njooni Oktoba au Novemba. Kwa kupumzika njooni hata kesho. Ulizeni kwanza ruhusa, sehemu nyingi zile zina wenyewe.

Karabai
Wakuu mimi swali la pembeni. Mnatumia fimbo gani? Nataka kununua ya kwanza. Dukani wananionyesha ya kuvutika, ya mita tatu na kitu, na rili yake, kile kigurudumu cha kukunjia mshipi, 35,000. Ni halali?

Ndoana Butu
Kwa perege na boya hiyo inatosha kabisa, ila ile nailoni iliyokuja nayo toa, tupa, weka mpya. Ile ya kwenye boksi inakatika ukiitazama.

Mzee Mwanzi
Nina miaka thelathini navua kwa mwanzi, mshipi umefungwa nchani, hakuna rili, hakuna boksi. Perege hajawahi kuniuliza bei ya fimbo.

Ndoana Butu
Shikamoo mzee. Kwa bwawani uko sahihi. Lakini Matema na huo mwanzi utavua miguu yako mwenyewe, samaki yuko nyuma ya wimbi. Pale bila rili ya kutupa mbali umeenda kuoga.

Mzee Mwanzi
Marahaba. Ndiyo maana siendi Matema.

Mstaafu wa Halmashauri
Vijana, hakuna aliyetaja kibali. Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 na kanuni zake za 2009 hazisemi kwamba mwenye fimbo ya starehe yuko nje ya sheria. Mkifika, mwoneni afisa uvuvi wa halmashauri husika kwanza, na mpite kwa uongozi wa wavuvi wa ufukwe. Ni heshima pia. Watu wale wanaishi kwa maji hayo, ninyi mnakuja kucheza.

Fundi Saa
Mzee, kibali kwa ndoana moja na mnyoo?

Mstaafu wa Halmashauri
Ndoana moja mara saba ni ndoana saba. Na Matema mpakani na Malawi pale, ukikutwa huna karatasi utaeleza mengi.

Mpemba wa Mbalizi
Mpakani wapi, ziwa letu lile. Mkataba wa 1890 waliandikiana Mjerumani na Mwingereza, hakuna babu yangu aliyeitwa.

Kamwene_IR
Tafadhali tusianze. Uzi wa mwisho uliofika kwenye mpaka wa Nyasa ulifungwa na mwenye swali hakujibiwa.

Mpemba wa Mbalizi
Nimesema Nyasa, sijasema Malawi. Nimenyamaza.

Chubwi
Wakuu nashukuru sana, nimejifunza. Kuna jambo sikulitaja, naona sasa lina uzito. Mmoja wa wale saba ni baba mkwe wangu. Ana miaka 71, goti moja limechoka, lakini ndiye aliyetufundisha wote kuvua na hatumwachi. Hawezi kutembea kwenye tope wala kukimbia kitu chochote.

Fundi Saa
KUKIMBIA KITU CHOCHOTE. Mkuu, na hadithi yangu umeisoma?

Sista Tabibu
Hilo ndilo lilitakiwa liwe kwenye mstari wa kwanza.

Kamwene_IR
Hapo hata mimi narudi nyuma kidogo. Mtera maji yakishuka yanaacha tope la kupasukapasuka, juu limekauka, chini bichi. Mguu unazama hadi kwenye kifundo. Kuna sehemu ngumu za mawe, ila lazima umpate mwenyeji wa kweli, siyo wa simu.

Mwana wa Ipinda
Baba anakuja Matema, anawekewa kiti mchangani, gari linafika karibu kabisa. Fimbo inachomekwa kwenye mchanga, ikiinama vijana wanakimbia wao. Na Jumamosi kuna mnada wa vyungu vya Wakisi pale Lyulilo, wanavileta kwa mitumbwi kutoka Ikombe. Hata msipopata samaki mnarudi na chungu.

Mzee Mwanzi
Mwulizeni yeye. Mnamjadili kama mzigo wa kupakia. Mtu aliyewafundisha ndoana anajua anataka kukaa wapi.

Chubwi
Mzee Mwanzi, nimempigia sasa hivi. Kasema anataka Ngwazi.

Bustani ya Chai
Mwambieni achukue koti zito. Na soksi mbili mbili.

Ndoana Butu
Kwa hiyo perege mgonjwa aliyekaa chini ndiye ameshinda?

Chubwi
Hajashinda. Watano bado wanasema Matema, na mwenye Noah anasema Mtera kwa sababu shemeji yake anaishi Iringa. Ijumaa nitajua.

Karabai
Samahani, ile nailoni mpya ninunue namba ngapi?

Mpemba wa Mbalizi
Chungu cha Lyulilo kikubwa, cha kupikia maharage, kinafika Mbalizi bila kupasuka au nikibebe mapajani?

Mwana wa Ipinda
Mapajani. Na usimwamini dereva akikuambia nyuma kuna nafasi.